JINA, UKOO NA ARDHI: ASILI NA KUENEA KWA MAJINA YA "GIDA" KATIKA MBULU NA HANANG

Katika kila semina ya makada inayofanyika Mbulu au Hanang kuna daftari la mahudhurio. Mkufunzi akilifungua asubuhi ya kwanza huona mstari baada ya mstari wa majina yanayoanza kwa Gida: katika kila meza pengine wawili, pengine watano. Na kila mara, wakati wa mapumziko ya chai, hutokea ndugu mmoja akamnong'oneza mkufunzi: "Hao wa Gida ni Wamang'ati, mwalimu." Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi mno kuweza kuyapuuza. Mara nyingi pia nimegundua kwamba yule aliyenyooshewa kidole ni Mwiraqw, mtoto wa Mwiraqw, na hajui neno moja la Kidatoga.

Makala haya yanakusudia kueleza majina hayo yalitoka wapi, yalivukaje kutoka kabila moja kwenda jingine, na yalifikaje kuwa kile ambacho fomu za leo zinakiita jina la ukoo. Swali hili si la wapenzi wa mambo ya kale tu. Katika wilaya hizi mbili jina limetumika kumpa mtu kura na kumnyima. Uenyeji nao, ambao watu wengi hudhani unasomeka katika jina, uliwahi kudaiwa uthibitishwe mahakamani mbele ya watu waliokuwa wakilia juu ya ardhi yao.

Tuanze na lugha. Wadatoga, ambao Wabarabaig wa Hanang ni tawi lao kubwa, ni watu wa jamii ya Waniloti wa Kusini. Ndugu zao wa karibu kwa lugha ni Wakalenjin wa Kenya. Kwa Wakalenjin jina la mwanamume huanza mara nyingi na Kip, na la mwanamke huanza na Chep. Kwa Wadatoga mwanamume ni Gida, mwanamke ni Uda. Hicho ni kiambishi, kama vile Kiswahili kinavyotia m- mbele ya mtu. Kiini cha jina ndicho kinachofuata baada yake. Kwa hiyo watu mia moja wenye majina ya Gida si lazima wawe na uhusiano wowote wa damu, kama ambavyo wanaume mia moja wenye majina ya Kip hawahesabiwi kuwa ukoo mmoja. Dunia nzima ilimfahamu Kipchoge Keino wa Kenya aliposhinda mbio za mita 1,500 Mexico mwaka 1968. Miaka 10 baadaye, katika michezo ya Jumuiya ya Madola iliyofanyika Edmonton mwaka 1978, Mtanzania aliyezaliwa Katesh, Gidamis Shahanga, akatwaa medali ya dhahabu ya marathoni, na mwaka 1982 akatwaa nyingine Brisbane katika mita 10,000. Majina hayo mawili, la Mnandi na la kijana wa Hanang, yameundwa kwa kanuni ile ile, ingawa mababu wa watu hao walitengana zamani sana.

Ukoo kwa Wadatoga huitwa dosht, nao una jina lake mbali na jina la mtu. Mdatoga wa zamani hakuhitaji kutamka jina la ukoo wake kila alipoitwa. Aliitwa kwa jina lake, akatajwa kwa baba yake, na ukoo ukatajwa pale ulipohitajika: katika ndoa, katika fidia ya damu, katika mazishi. Hapa hapana budi kusema jambo moja ambalo wasimulizi wa mila hupenda kulipitia haraka. Wahunzi wa Kidatoga, ukoo wa Gidang'odiga, walitengwa. Wao ndio waliofua mikuki iliyolinda ng'ombe na bangili zilizopamba mikono ya wake wa wafugaji, lakini wenye ng'ombe hawakuoana nao. Wahunzi walioana wao kwa wao. Aliyetengeneza zana za jamii nzima alikataliwa mlangoni mwa jamii hiyo hiyo, na jina la ukoo ndilo lililokuwa kufuli ya mlango. Anayetuambia kwamba jamii zetu za kale hazikujua utengano wowote aende akaulizie habari za Gidang'odiga.

Sasa tuje kwa Wairaqw. Hao lugha yao ni ya Kikushi, haina uhusiano na Kidatoga hata kidogo. Ndugu zao wa lugha ni Wagorowa wa Babati, na Waalagwa na Waburunge wa upande wa Kondoa. Kuna hadithi inayopendwa sana Mbulu, kwamba Wairaqw walitoka nchi ya Iraki kwa sababu majina yanafanana. Nimewahi kuikuta hadithi hiyo hata katika insha za wanafunzi wa vyuo. Kufanana kwa sauti si ushahidi wa kihistoria. Kama ingekuwa hivyo, mji wa Moshi ungekuwa umetokana na moshi wa jikoni. Ushahidi wa lugha unaonyesha kwamba Wakushi wa Kusini wamekaa katika Afrika ya Mashariki kwa zaidi ya miaka 2,000, na kwamba njia yao inaelekea Ethiopia, si Baghdad. Kisichosemwa ni kwa nini hadithi hii inapendwa. Wakoloni walitufundisha kwamba chochote chenye thamani katika Afrika lazima kiwe kimeletwa na mtu wa nje. Kasumba hiyo bado inaishi katika hadithi ya jina.

Jina la Mwiraqw kwa desturi hutokana na hali ya kuzaliwa kwake. Mtoto aliyezaliwa mvua ikinyesha huitwa Tluway, yaani mvua. Bura ni pombe, na jina hilo hukumbusha kwamba siku hiyo nyumbani palikuwa na pombe. Baada ya jina lake hufuata jina la baba yake, basi. Koo zipo, na nyingi majina yake hutanguliwa na neno Hhay, lakini ukoo haukuwa nguzo kuu ya maisha ya siasa ya Wairaqw. Nguzo ilikuwa aya, yaani eneo la watu wanaokaa pamoja, lenye mipaka yake iliyowekwa kwa matambiko ya mganga mkuu, qwaslarmo. Katika nchi yao ya asili, milima ya Kainam inayoitwa Iraqwar Da'aw, yaani Iraqw ya Mashariki, mtu alihesabiwa kuwa mwenzetu kwa sababu analima hapa, anashiriki matambiko ya hapa, anakuja kusaidia nyumba ikiezekwa. Damu ilikuja baadaye. Jambo hili ndilo linaloeleza yote yanayofuata, maana jamii iliyojengwa juu ya ujirani inaweza kumpokea mgeni kwa namna ambayo jamii iliyojengwa juu ya nasaba peke yake haiwezi.

Na wageni walikuja. Wadatoga ndio waliokuwa mabwana wa nyanda za malisho hadi Ngorongoro, mpaka karne ya 19 Wamaasai walipowasukuma kusini. Jina Mang'ati lenyewe ni ukumbusho wa vita hivyo: ni neno la Kimaasai, maana yake adui. Watu wa Usukuma na Unyamwezi nao wakawaita Wataturu. Kwa hiyo huyo anayemnong'oneza mkufunzi habari za Wamang'ati anatumia, bila kujua, lugha ya upande mmoja wa vita vilivyokwisha zaidi ya karne moja iliyopita.

Kusukumwa huko kulileta makundi ya Wadatoga, hasa Wabajuta na Wagisamjanga, katika ukanda wa Mbulu karibu na Wairaqw. Halafu likaja pigo la sotoka katika miaka ya 1890. Ng'ombe walikufa kote Afrika ya Mashariki, na mfugaji asiye na ng'ombe hana budi kumwendea mkulima. Familia zikaingia katika aya za Wairaqw, zikapewa mahali pa kulima, watoto wakaoa na kuolewa. Wengine waliingia kwa urafiki wa kukopeshana mifugo, wengine kwa kukimbia mikono ya Wajerumani, ambao mwanzoni mwa karne ya 20 walimnyonga kiongozi wa Wadatoga aliyeitwa Gidamowsa. Koo nyingi zinazohesabiwa leo kuwa za Kiiraqw, waulizeni wazee wake, watawaambia wenyewe kwamba babu wa kwanza alikuwa Mdatoga, au Mgorowa, au Mwihanzu, au hata Mmaasai. Hawaoni aibu kusema. Aibu ameileta msomi.

Hata hivyo damu haikuwa njia peke yake. Kwa muda mrefu Wadatoga walikuwa watu wa heshima kubwa machoni pa majirani zao: wenye ng'ombe wengi, mashujaa, wenye watabiri mashuhuri wa ukoo wa Bajuta ambao habari zao zilifika mbali. Wairaqw walijifunza lugha yao. Maneno mengi ya Kidatoga yakaingia katika Kiiraqw, na baadhi ya mashairi na nyimbo zikaimbwa kwa Kidatoga na watu wasiokizungumza nyumbani. Majina yalifuata njia hiyo hiyo. Mwiraqw alimpa mtoto jina la Gida kwa kumheshimu rafiki aliyemkopesha ng'ombe, au kwa sababu jina lilipendeza, kama leo mtoto wa Katesh anavyoitwa Emanueli au Jumanne bila baba yake kuwa Myahudi au Mwarabu. Baadaye mwelekeo ukageuka. Kilimo cha Wairaqw kilipopanuka katika karne ya 20 kutoka Kainam hadi nyanda za Karatu, Haydom na Hanang, ni Wadatoga ambao sasa walianza kuzungumza Kiiraqw. Wagisamjanga wengi wamekwisha kuwa Wairaqw kwa lugha na kwa maisha, na majina yao wamebaki nayo.

Mpaka hapa hatujafikia jina la ukoo kama linavyoeleweka ofisini. Hilo lililetwa na kalamu. Karani wa kodi katika boma la Mbulu alihitaji kumjua mtu yule yule mwaka huu na mwaka ujao, na baada yake mtoto wake. Misheni ilihitaji daftari la ubatizo, shule ikahitaji daftari la wanafunzi. Kila mmoja alichukua jina la mtu, akalitia mbele jina la Kikristo au la Kiislamu, kisha jina la mwisho likagandishwa lisihame tena. Tazameni majina ya watu mashuhuri wa Mbulu: Herman Elias Sarwatt, John Stephen Akhwari. Mawili ya kanisani, moja la nyumbani. Amri Dodo: la kwanza la msikitini, la pili la nyumbani. Historia nzima ya kuingia kwa dini na dola imo katika mpangilio huo. Nao makarani wengi hawakuwa watu wa Mbulu. Sauti za Kiiraqw zinazoandikwa tl, sl, x na q hazimo katika Kiswahili, kila mmoja akaandika alivyosikia, na hata leo ndugu wa baba mmoja huweza kuwa na vyeti viwili vyenye majina mawili.

Kugandishwa huko kulileta kichekesho ambacho wazee wa Kibarabaig hukicheka mpaka leo. Msichana akiandikishwa shule kwa jina la baba yake, jina lake la mwisho linaanza kwa Gida, yaani kwa lugha ya nyumbani anaitwa mwanamume. Ndivyo ilivyo pia Kenya: Faith Kipyegon, mwanamke bingwa wa mita 1,500, amebeba jina lenye kiambishi cha kiume. Lugha haikukosea. Ofisi ndiyo iliyolifanya jina la mtu mmoja kuwa mali ya kizazi.

Na tusidhani kwamba haya ni mambo ya Waafrika peke yao. Katika milima ya kaskazini ya Albania, Ulaya, kulikuwa na makabila yaliyoitwa Berisha, Shala, Krasniqi na mengineyo, kila moja na nchi yake na kisasi chake cha damu. Watu walihama, wengi wakaenda Kosovo, dola zikadai majina ya familia, na majina ya makabila yakawa majina ya watu. Leo jina Berisha linabebwa na watu wa miji mbalimbali wasiofahamiana. Nalo linaeleza mababu wa mtu walipita wapi, wala halielezi ana haki gani pale alipo.

Sasa turudi kwetu, kwenye siasa. Uchaguzi wa mwaka 1960 uliipa TANU viti 70 kati ya 71. Kiti kimoja kilichobaki kilikuwa cha Mbulu. Mgombea rasmi wa TANU, Chifu Amri Dodo, alishindwa na Sarwatt, mwanachama wa TANU aliyesimama peke yake. Nimewasikia makada wakieleza tukio hilo kwa neno moja: ukoo. Maelezo hayo ni mepesi mno. Umma wa Mbulu haukuikataa TANU. Ulipewa jina moja kutoka juu, ukachagua mwanachama mwingine wa Chama hicho hicho. Nguvu ya nasaba haikukosekana, lakini anayeona nasaba tu ameshindwa kuona suala la nani anayeteua mgombea na kwa kumsikiliza nani. Mwaka 1965 wagombea wawili wa TANU walipambanishwa katika majimbo kwa alama za jembe na nyumba, na wakakatazwa kutumia kabila, rangi au dini katika kampeni, ambayo iliendeshwa kwa Kiswahili. Uchifu ulikuwa umekwisha kufutwa mwaka 1963. Sensa ya mwaka 1967 ikawa ya mwisho kumuuliza Mtanzania kabila lake. Hatua hizo zilikuwa sahihi. Lakini tusijidanganye: kabila lilipoondolewa katika fomu ya sensa, baadhi yetu tuliendelea kulisoma katika jina.

Lililo zito zaidi ni suala la ardhi, na hapa mwanachama wa Chama lazima aseme ukweli hata kama unauma. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO, kwa msaada wa Kanada, lilifungua mashamba ya ngano katika nyanda za Basotu. Yalifikia saba, yenye jumla ya ekari zipatazo 100,000. Shabaha ilikuwa njema: taifa lilihitaji mkate wake lenyewe. Lakini nyanda zile zilikuwa muhajega, malisho bora kuliko yote ya Wabarabaig, waliyoyatumia kwa zamu kufuata majira. Tena humo ndimo yalimokuwa makaburi ya wazee wao. Mzee mwenye heshima wa Kibarabaig hujengewa bung'eda, kaburi la kichuguu, kwa sherehe ya miezi mingi inayokusanya koo kutoka mbali. Kwa watu wasioandika, bung'eda ndiyo daftari: hapa amelala fulani, baba wa fulani, wa dosht fulani. Trekta zilipolima juu ya baadhi ya makaburi hayo, daftari hilo lilichanwa.

Halmashauri ya Kijiji cha Mulbadaw pamoja na watu wengine 67 walikwenda mahakamani. Mahakama Kuu iliwapa haki. Mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu hiyo, na moja ya sababu zake ni kwamba wanaodai ardhi kwa mila walipaswa kwanza kuthibitisha kwamba ni wenyeji kwa maana ya Sheria ya Ardhi, sheria iliyotungwa na Mwingereza mwaka 1923. Ndugu msomaji, litafakari hilo. Watu ambao mababu zao wamezikwa pale walitakiwa kuthibitisha uenyeji wao. Wangeuthibitisha kwa nini? Jina lisingetosha, maana tumekwisha kuona kwamba mwenye jina la Gida anaweza kuwa Mbarabaig au Mwiraqw, na asiye nalo anaweza kuwa Mbarabaig halisi. Matumizi ya ardhi ndiyo yangekuwa ushahidi wa kweli: nani alichunga hapa, nani alizika hapa. Mwaka 1987 amri ya Serikali, Tangazo Namba 88, ikafuta haki za kimila katika ardhi hizo.

Wabarabaig wengi wakahama. Wapo walioelekea Singida na Usangu, wapo waliofika Morogoro, Rufiji na hata Lindi, wakifuata malisho na wakifukuzwa huku na huko. Ndivyo majina ya Gida yalivyofika katika madaftari ya shule za pwani, ambako walimu hawajui hata yanavyotamkwa. Huko nako wanaitwa Wamang'ati: neno la Mmaasai wa karne ya 19 limesafiri kwa miguu ya ng'ombe hadi baharini. Mwanafunzi mmoja wa chuo, aliyekulia Kilwa, aliniambia kwamba alipokwenda kuandikishwa kitambulisho cha taifa aliulizwa asili yake ni nchi gani. Alitaja Hanang. Karani akamtazama, akalitazama jina, akamwambia alete mashahidi watatu.

Yale mashamba saba nayo yalikuwa na majina. NAFCO haikuyabuni, iliyakuta kwa wenyeji: Basotu, Setchet, Mulbadaw, Murjanda, Gawal, Warret. La saba liliitwa Gidagamowd.